Usafi wa Kabla ya Kuhama

Mimi si mtu wa kukurupuka. Mfumo wa kuendesha kompyuta wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, niliung'ang'ania mpaka tarehe 8 Aprili 2014 ulipoacha kuhudumiwa, na hata hapo niliondoka shingo upande. Toleo la 8 la mwaka 2012 nililiruka kabisa, kwa sababu nilisikia kwamba kitufe cha Anza kimeondolewa, na nyumba isiyo na mlango mimi siingii kwa dirishani, hata kama jina lake lenyewe ni Dirisha. Kwa hiyo kompyuta yangu ilipoanza kunikumbusha kwamba Windows 10 haitapata tena masasisho ya kawaida ya usalama baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, sikushtuka. Windows 11 ilikuwa imetoka tangu Oktoba 2021; yaani nilikuwa nimepewa miaka minne ya kutafakari, na nilikuwa nimeitumia yote.

Nilifungua faili, nikaligawa katika safu mbili: sababu za kuhama na sababu za kubaki. Upande wa kuhama niliandika neno moja tu, usalama. Upande wa kubaki ulijaa upesi, na hoja iliyoongoza ilikuwa kwamba katika mfumo mpya kitufe cha Anza kimetolewa kwenye kona ya kushoto, alikokizoea mkono wangu, kikawekwa katikati ya upau wa kazi. Hoja hiyo niliilea kwa wiki sita. Nilikuwa nikiitoa mezani kila suala hili lilipozungumzwa, mpaka binti yangu aliyeko sekondari alipochoka kuisikia, akanionyesha kwamba ukiingia kwenye mipangilio unakirudisha kitufe kushoto kwa kubofya mara chache. Sikumshukuru. Ni vigumu kumshukuru mtu aliyekuulia hoja uliyoilea kwa mikono yako mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niachane na yote hayo nihamie Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ambao ni wa bure na huishi vizuri katika kompyuta kuukuu. Rafiki huyo hata umwambie jino linakuuma, atakushauri uhamie Linux. Nilimwambia nitafikiria, na kwa kuwa ananijua, alicheka akabadilisha mazungumzo.

Hatimaye niliendesha programu inayokagua kama kompyuta inastahili. Masharti si ya kutisha kwa idadi: kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na chipu ndogo ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kinachowakata wengi ni umri wa prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Yangu ilipita. Alama za kijani zilijipanga kutoka juu mpaka chini, na maelezo yakaongeza kwamba nikihama na nisiporidhika ninazo siku 10 za kurudi nilikotoka. Mtu mwingine angebofya hapo hapo. Mimi niliona kwamba mtu hahamii nyumba mpya bila kufanya usafi.

Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, siku ya Jumamosi, niliketi rasmi. Kwenye orodha yangu ya maandalizi, kipengele cha kuweka nakala ya mafaili kilikuwa tayari kimetiwa alama ya vema, ambayo kwa mtindo wangu ilimaanisha kwamba nimeshalifikiria jambo hilo. Niliizima kompyuta, nikaiwasha huku nimebonyeza kitufe kinachofungua BIOS, ile kurasa ya mipangilio iliyo chini kabisa ya mfumo, ambako nilitaka tu kuiona hiyo TPM kwa macho yangu. Niliikuta. Kando yake palikuwa na amri kwa Kiingereza, Clear, neno lile lile ambalo huweza kumaanisha kusafisha na huweza kumaanisha kufuta. Naapa kwamba nilichokiona mimi ni ufagio. Nikawaza chipu hiyo ilivyokaa humo miaka yote bila kuguswa, na vumbi la kitarakimu lililojaa ndani yake, nikabonyeza. Likatokea onyo refu, ambalo nilisoma mstari wake wa kwanza kwa makini sana, kisha nikakubali.

Kompyuta ilipowaka tena, haikuniletea picha yangu ya maua. Iliniletea skrini ya buluu tupu, yenye maandishi meupe, ikiniomba kwa adabu niandike ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48.

Hapa inanibidi nirudi nyuma miaka mitatu, nieleze nilivyojifungia. Nilikuwa nimewasha BitLocker, kinga inayoisimba diski nzima, yaani kuigeuza yote kuwa mafumbo, ili mwizi akiiba kompyuta asiambulie chochote. Siri ya kuifungua diski hiyo hutunzwa na TPM, ndiyo maana kwa kawaida mwenye kompyuta hasumbuliwi. Ukiifuta TPM, siri hiyo inapotea, na mashine haina namna ya kukutofautisha na mwizi. Kwa ajili ya balaa kama hilo, siku ya kuwasha kinga unapewa ufunguo wa akiba, na unashauriwa uuweke kwenye akaunti yako ya mtandaoni, au kwenye faili, au uuchapishe. Akaunti niliikataa, kwa kuwa siri haiwekwi kwa watu. Nilipojaribu kuweka faili ndani ya diski ile ile, kompyuta ilikataa katakata. Niliona ni ukaidi. Nikabofya kuchapisha, lakini printa ilikuwa imezimwa, basi nikachagua kuchapisha kama PDF, na hiyo PDF nikaihifadhi ndani ya diski ile ile, kwenye folda niliyoiita "Muhimu Sana". Nakumbuka nilivyojipongeza kwa kuizidi mashine akili.

Basi ufunguo wa nyumba ulikuwa ndani ya nyumba, juu ya meza, mahali pazuri panapoonekana, na mlango umefungwa. Faili la sababu za kuhama na kubaki lilikuwa humo pia, pamoja na orodha ya maandalizi na alama yake ya vema.

Nilijaribu tarehe yangu ya kuzaliwa. Siwezi kueleza kwa nini, maana tarehe ya kuzaliwa haina tarakimu 48 hata ukiongeza na za ukoo mzima. Binti yangu alikuja, akaisoma skrini, akaniuliza taratibu:

"Baba, ulibonyeza nini?"

"Nilisafisha."

Hakusema kitu. Alikwenda kumwita mama yake, kama muuguzi anavyomwita daktari.

Mke wangu hana shauku na kompyuta, lakini ana kumbukumbu ya vitu. Nilipomweleza kwamba natafuta namba nyingi zilizopangwa mafungu mafungu, ambazo zimo ndani ya diski na haziko mahali pengine popote duniani, aliuliza, "Namba kama zile za kwenye karatasi?" Nikamwuliza karatasi gani. Akasema kwamba miaka kadhaa iliyopita binti alipowasha printa ili achape kazi ya shule, kwanza ilitoka karatasi moja isiyo na mwenyewe, imejaa namba tu, wakaiona takataka. Ilikuwa amri yangu ya kwanza ya kuchapisha, iliyokuwa bado imekaa foleni ikisubiri printa iwashwe.

"Mkaitupa?"

"Sikuitupa, mume wangu. Meza yako ilikuwa inayumba."

Sote tulitazama chini. Chini ya mguu wa nyuma wa meza, meza hiyo hiyo iliyobeba kompyuta, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imebanwa mpaka ikawa ngumu kama gome. Niliinua meza, binti akaichomoa, tukaifungua polepole sakafuni. Mafungu manane ya tarakimu sita sita yalikuwepo yote, yamefifia kidogo. Ila kona ya mguu ilikuwa imetoboa tundu dogo katikati ya fungu la tano, na hapo pakasomeka 418, kisha tundu, kisha 75.

Mimi nilikuwa tayari kujaribu kuanzia sifuri mpaka tisa. Binti alikuwa ameinamia simu yake. Akasema amesoma kwamba kila fungu la ufunguo huu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, kusudi makosa ya kuandika yagundulike. Akachukua penseli. Akajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano: 4 na 8 na 7, akapata 19. Akajumlisha zilizobaki: 1 na 5, akapata 6, pamoja na ile iliyoliwa na meza. Tofauti ya jumla hizo mbili lazima iwe sifuri au igawanyike kwa 11.

"Ni mbili, Baba. Ukitoa 8 kwenye 19 unapata 11."

Niliandika 418275. Niliandika na mafungu matatu yaliyofuata, kidole kimoja kimoja, huku mke wangu akinisomea kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Skrini ya buluu ikatoweka, na maua yangu yakarudi. Pembeni, kidirisha kile kile cha kila siku kikachomoza kuniuliza kama nahamia mfumo mpya sasa au nikumbushwe baadaye.

Kwa mazoea, kipanya changu kilianza kuelekea kwenye "baadaye". Nilihisi watu wawili wamesimama nyuma yangu. Nikanakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, nakala ya kweli safari hii, binti akisimamia. Nikasitisha kinga ya diski. Kisha nikabofya kuhama. Karatasi mke wangu aliitia kwenye bahasha, akaifungia kabatini pamoja na vyeti vya watoto, na funguo za kabati akabaki nazo yeye.

Upakuaji ulipofika asilimia 3, meza ilianza kuyumba. Niliushika mguu wake kwa goti mpaka saa mbili usiku.