Fundi wa kompyuta wa darubini akae wapi?

Agosti 2023 wadukuzi walishambulia mifumo ya kompyuta ya darubini ya Gemini North, Hawaii, kazi ikasimamishwa. Mbali kabisa na huko, Cerro Tololo nchini Chile, darubini kadhaa zilitengwa na mtandao, na wanaastronomia waliokuwa wakiziendesha kwa mbali wakakosa njia ya kuzifikia. Tukio hilo linatuuliza: mafundi wa kompyuta wabaki mlimani na darubini, au washuke mjini wahudumie kila kitu kupitia intaneti?

Wanaotaka washuke wana hoja nzito. Chukua ALMA, darubini ya mawimbi ya redio iliyoko Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kompyuta inayounganisha mawimbi ya antena zake 66 ina prosesa zaidi ya milioni 134, na kwa kuwa hewa ya huko ni haba, inabidi isukumwe mara mbili ya kawaida ndipo mitambo ipoe. Diski za kuzunguka hazifai kabisa. Kichwa cha kusomea huelea juu ya diski kwa tabaka jembamba la hewa. Hewa ikipungua, kichwa hushuka na kuikwaruza. Mashine zikiteseka hivyo, sembuse binadamu? Kichwa kinamuuma, pumzi inakata, akili inakwenda polepole, na amri moja iliyokosewa inaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Ndiyo maana mtambo utakaorithi kazi ya kompyuta ile umepangwa kuwekwa chini, kwenye kambi iliyo karibu mita 2,900.

Lakini usiku uliopotea haurudi. Nyota inayolipuka haimngojei fundi apate tiketi ya ndege, na waya uliolegea nyuma ya seva hausukumwi kwa kibodi kutoka mjini, panahitajika mkono. Tena mlango anaopitia fundi wa mbali ndio huohuo anaoupapasa mwizi. ALMA yenyewe ilidukuliwa tarehe 29 Oktoba 2022. Antena hazikuguswa, data za kisayansi zilibaki salama, na bado uchunguzi wa anga haukurejea hadi Desemba. Karibu wiki saba, antena zote zikiwa nzima!

Kwangu mimi, fundi ashuke, ila asifike mjini. Kambi ya katikati inatosha: anapumua vizuri, anafikiri sawasawa, na kukitokea hitilafu anapanda kwa gari. Gharama za zamu, chakula na malazi zipo, nazo si ndogo, lakini anayefuta nafasi hizo ili kubana matumizi anaiacha darubini ya mamilioni ikining'inia kwenye waya mmoja. Ningependa kila kituo, angalau usiku mmoja kwa mwaka, kikate mtandao wa nje kwa makusudi na kuendelea kuchunguza anga hadi alfajiri, kwa kompyuta na watu waliopo hapohapo.