Kafyu Ilikuwa Halali, Kipigo Hakikuwa

Mazungumzo ya uhuru wa raia yakizuka hapa Mombasa, watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaoona kila amri ya serikali ni kuonewa, na wapo wasemao Mkenya bila kiboko hasikii. Mimi naona wote wanalikwepa swali lenyewe: huyo anayetoa amri, anajibu kwa nani?

Chukueni yaliyotokea Likoni, kwenye kivuko cha feri. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile watu walifurika kivukoni kama siku yoyote ya kazi, wakiharakisha kuvuka wafike makwao mapema. Kafyu ilikuwa bado zaidi ya saa mbili. Polisi wakafyatua vitoa machozi katikati ya umati na kuwatandika watu. Amri iliyowekwa ili tusiambukizane ikaishia kuwasonganisha watu pamoja, wakikohoa na kujifuta macho kwa mikono. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa amevunja kafyu, maana ilikuwa haijaanza!

Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu, na uamuzi uliotolewa Aprili unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Mahakama haikuifuta kafyu. Ilikubali kwamba kuna maradhi na serikali ina wajibu wa kulinda maisha. Lakini ilisema nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi zilikiuka Katiba. Ikaagiza pia mawakili na IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, waongezwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutembea usiku. Hapo ndipo penye uzito kwangu. Mtu akikamatwa usiku wa manane na wakili wake hana ruhusa ya kutoka nyumbani, ni nani atakayejua yanayompata kituoni?

Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu haki ipunguzwe, ila kwa sheria, kwa sababu ya maana, na baada ya kuangalia kama hakuna njia nyingine isiyoumiza sana. Kifungu cha 25 kinataja haki zisizoguswa kamwe, na kutoteswa ni mojawapo. Serikali imepewa nguvu, na nguvu hizo zimewekewa mpaka.

Mzee mmoja barazani Kibokoni aliniambia, huku akizungusha kikombe chake cha kahawa, "Mwanangu, mkono wa serikali ukilegea, wanyonge ndio wa kwanza kuumia." Namheshimu, na ana hoja: bila polisi, mwenye duka dogo hana pa kukimbilia genge likimvamia. Lakini jioni ile Likoni walioumia walikuwa wanyonge haohao, vibarua na wachuuzi. Mwenye gari na dereva hakungoja feri kwa miguu katikati ya moshi ule.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba kafyu ile ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1950, iliyotungwa na serikali ya kikoloni ambayo haikuwa na haja ya kumjibu Mwafrika yeyote. Sheria hiyo ingali vitabuni. Wabunge wetu wa Pwani wakija tena kuomba kura, waulizwe hili kabla ya kuulizwa habari za barabara: wataifumua lini, na askari anayempiga raia asiye na kosa atashtakiwa yeye binafsi au la?