Snuka ya mipira 6: ufupi uliozidishwa mara mbili

Mark Davis wa Uingereza aliingia kwenye snuka (mchezo wa kutumbukiza mipira kwenye mashimo ya meza kwa fimbo) ya kulipwa mwaka 1991, na hajapata kutwaa hata taji moja la mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha ya ubora. Alikaribia 2018, fainali ya English Open, Stuart Bingham akamfunga kwa fremu (raundi) 9-7. Bangkok, hata hivyo, ilimtambua kama mfalme. Ubingwa wa dunia wa snuka ya mipira 6 (yaani myekundu 6), mashindano ya mji huo, aliuchukua 2012 kwa kumfunga Shaun Murphy, akaurudia 2013 mbele ya Neil Robertson, na wote wawili walikuwa wameshatawazwa mabingwa wa dunia wa snuka kamili.

Wanaoyabeza mashindano haya humtaja Davis kama ushahidi kwamba mchezo mfupi unamtawaza yeyote. Wanaoyatetea humtaja Davis huyohuyo: bahati haimrudii mtu miaka miwili mfululizo.

Kabla ya kuchagua upande, itazame meza yenyewe. Meza ni ileile, mashimo ni yaleyale, na mipira 6 ya rangi iko mahali pake. Kilichopungua ni mipira myekundu, kutoka 15 hadi 6, na kwa hiyo alama za juu kabisa katika zamu moja zinashuka kutoka 147 hadi 75. Mtu anaweza kudhani ni snuka iliyokatwa nusu. Sivyo. Rangi za mwisho, kuanzia njano hadi nyeusi, bado zina alama 27. Kwenye snuka kamili hizo hazifiki hata moja ya tano ya alama za juu, ila hapa ni zaidi ya theluthi. Kilichoondolewa ni katikati ya fremu: lile rundo la mipira myekundu iliyosongamana, ambalo mchezaji hulizunguka kwa dakika nyingi akijihami, akiuficha mpira mweupe, akimsubiri mwenzake akosee.

Na hesabu ni kali. Tumbukiza myekundu 5 (alama 1 kila mmoja), kila mmoja ukifuatiwa na mweusi (alama 7), una alama 40 na mezani zimebaki 35. Mpinzani hana njia isipokuwa ufanye makosa yanayompa alama. Kwenye snuka kamili, kwa mtindo huohuo, unahitaji myekundu 10 ili ufike hapo. Kwenye ile fupi, kosa moja, mipira kumi, fremu imekwenda. Ndiyo maana wachezaji wepesi na wenye jicho kali hunawiri Bangkok. Thepchaiya Un-Nooh, ambaye hupiga kama mtu anayekimbilia basi, alimfunga Liang Wenbo 8-2 katika fainali ya 2015, akawa Mthailandi wa kwanza kulibeba taji hilo katika ardhi ya kwao.

Wakosoaji wana hoja wanayoipenda, nami naiona nzito: fainali ya dunia ya 1985 pale Sheffield. Steve Davis aliongoza 8-0, Dennis Taylor akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi ushindi wa 18-17 uliokuja kwa mpira mweusi wa mwisho, usiku wa manane, huku Waingereza milioni 18.5 wakiwa macho mbele ya televisheni. Fainali ya Bangkok humalizwa na anayetangulia kufika fremu 8. Kwa kanuni hiyo Steve Davis angeshinda 8-0 na kwenda kulala mapema, na kisa chote kisingekuwepo. (Ingawa, tukisema kweli, Davis ndiye aliyekuwa namba moja duniani. Mechi fupi ingempa taji yule ambaye wengi walimtarajia, kwa hiyo urefu nao hauwatetei wakubwa siku zote.)

Orodha ya washindi nayo si ya kubahatisha. Mashindano yalianza 2008 kwa ushindi wa Ricky Walden. Mwaka uliofuata, yakiitwa Grand Prix, yalimpa furaha Jimmy White, mtu aliyepoteza fainali 6 za dunia. Mark Selby, Ding Junhui, Mark Williams na Kyren Wilson wamo pia. Stephen Maguire alishinda 2014 na tena 2019.

Wapo wanaoichanganya michezo yote mifupi, na hapo sikubaliani nao. Shoot Out, ambayo fremu yake moja ya dakika 10 huamua mechi nzima, na saa inakupa sekunde 15 za kupiga, kisha 10 zikifika dakika tano za mwisho, ilipewa hadhi ya orodha ya ubora mwaka 2017. Power Snooker ilikuja 2010 na vishindo vyake, ikafanyika mara mbili, ikafa. Hizo zilileta saa na kelele. Snuka ya mipira 6 haikuleta kitu cha ajabu. Iliondoa mipira 9, ikaongeza kanuni chache, kama ile inayosema ukiitiwa kosa la kutougusa mpira unaopaswa kuupiga mara 5 mfululizo, mpinzani anaweza kuuweka mpira mweupe popote apendapo. Anayejua snuka hahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo mimi sioni tatizo kwenye mipira 6. Tatizo ni kwamba waandaaji walifupisha fremu, kisha wakafupisha na mechi. Hatua ya makundi anayefika fremu 5 ndiye mshindi, na ukiweka fremu fupi ndani ya mechi fupi, jioni moja mbaya inakutoa hata kama ulikuwa bora wiki nzima. Fremu hizi huisha upesi, kwa hiyo muda upo. Fainali ya kufikia 15 ingetosha kabisa ndani ya siku moja, na 8-0 ingekuwa mapumziko ya chai tu.