Pembe isiyo na ufa hata mmoja?

Mwandishi wa makala hii anasema pembe ya Triceratops, yule dinosaria wa pembe tatu, aliyoonyeshwa na muuzaji hapa Kampala imetoka Montana, Marekani, na kwamba "haijaguswa kabisa". Jamani! Mimi kazi yangu ni kupiga puti na rangi magari huku Katwe, na picha ya pili kwenye makala hiyo imenichekesha. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 66 utakosaje nyufa? Tazameni karibu na ncha: vijifereji vya mishipa ya damu vinapanda vizuri kutoka kwenye shina, halafu vinakatika ghafla, panakuwa laini kama bampa jipya. Hapo pamejazwa.

Sisemi ni feki. Pembe nyingi zinazouzwa zimeungwa kwa gundi, na kuongezewa ncha ni jambo la kawaida, ila mnunuzi aambiwe. Azime taa, amulike kwa tochi ya urujuanimno (UV). Gundi na puti mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa. Kisha, akiruhusiwa, asugue mahali padogo kwa pamba yenye asetoni, kile kiyeyusho cha rangi. Rangi ikibaki kwenye pamba, bei nayo ishuke.