Ngitili: nani alimfundisha nani kutunza mazingira?

Vitabuni, historia ya uhifadhi Tanzania mara nyingi huanza na Tamko la Arusha la Septemba 1961 (si lile Azimio la 1967), ambamo Nyerere aliahidi kwamba wanyamapori watalindwa. Miaka miwili nyuma, Wamasai walikuwa wamekwisha kutolewa Serengeti. Ukianzia hapo, utaona mazingira ni shughuli ya wageni: wao walete hoja, sisi tuhame.

Shinyanga ina habari nyingine. Wasukuma wana ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zisimame hadi kiangazi. Ngitili ya kimila haina ua. Mpaka ni mti, kichuguu au njia ya ng'ombe, na wachungaji wa pale wanaujua. Likifunguliwa, wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Hakuna aliyengoja semina ili ajue hayo.

Hata hivyo, wanaosema wazee walijua yote nao wana swali la kujibu: mbona mwaka 1986 ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu? Serikali ina lawama yake. Ya mkoloni ilifyeka mapori ili kuua mbung'o. Yetu, kwa Operesheni Vijiji, iliwahamisha watu wakaacha maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Lakini pamba nayo ilikuwa na bei, ng'ombe walikuwa heshima, na jikoni kuni zilitakiwa kila siku. Maarifa yalikuwepo, mamlaka juu ya ardhi ndiyo yaliyopotea, na tamaa kidogo ikaongezea.

Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), uliozinduliwa mwaka huohuo wa 1986 na kusaidiwa na Norway, ulianza na vitalu vya miche, mingi ya miti ya kigeni. Mambo yalibadilika ulipogeukia ngitili na kuacha ulinzi kwa sungusungu na faini kwa dagashida, baraza la kimila. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko tamko lolote, ingawa bila fedha za nje sijui kama ofisi ya mkoa ingeutazama mfumo huo mara ya pili.

Nisiwapambe mno wenye mila. Ngitili kubwa nyingi ni za wenye mifugo mingi, na malisho siku hizi huuzwa. Mwenye ng'ombe wawili hulipa ili waingie.