Tutajuaje Kama Imepona?

Mwezi wa 11 hapa Mtwara, ukimkuta mtu hana hasira ujue hafanyi kazi ghalani. Korosho zimekolea, malori ya Newala na Tandahimba yamepanga foleni mpaka barabarani, makuli wanachuruzika jasho. Mimi humo ndani ni mtu wa mifumo. Ghala lenyewe silitaji, bado linanilipa.

Kwa asiyejua: mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS inazileta ghala kuu kwa lori, lori linapanda mizani, uzito unaingia kwenye databesi, printa inatema karatasi. Bila karatasi hakuna mnada, bila mnada hakuna hela. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, karatasi hiyo ndiyo roho ya watu huku kusini. Printa ikichelewa kidogo, dereva mmoja anapiga honi. Ikizidi, wanapiga wote.

Sasa bosi wetu alikwenda semina Dodoma, akaona wenzake wana televisheni ukutani zenye michoro. Akarudi na yake, pana kuliko mlango, makuli wakaipitisha kiubavu. Akaleta na kijana kutoka Dar wa kufunga dashibodi: tani za leo, tani za msimu, tani za misimu yote tangu dunia iumbwe, na chini kabisa mstari wa afya ya seva. Kijani ni mzima, nyekundu ni taabani. Kijana akakabidhi, akala pweza wake Shangani, alfajiri akapanda basi.

Mwanzoni raha tupu. Bosi alihamishia kiti mbele ya ile televisheni na chai akawa anainywea pale pale. Mpaka foleni ya malori ilipokolea, mstari ukawa mwekundu.

"Mwanangu," mzee wa mizani akanipigia, "hapa juu kuna lori tangu saa nne. Dereva keshaanza kukoroma."

Nikakagua printa, nyaya, diski. Vyote vizima. Huku nyuma washauri wamejaa. Mhasibu anasema ni virusi. Karani anasema ni mtandao. Mlinzi, kwa sauti ya chini, akasema huu ni mkono wa mtu, na kuna ghala la jirani analishuku.

Bosi naye akachukua hatua. Akatuma linki ya dashibodi kwenye grupu la WhatsApp, ambalo lina wakuu wote wa idara, makatibu wote wa AMCOS, na shemeji yake ambaye mpaka leo sijui aliingiaje. "KILA MTU AFUATILIE HALI YA MFUMO."

Wakafuatilia. Mstari ukapanda mpaka ukagusa juu.

"Inazidi!" bosi akapiga kelele. "Waambieni wasiache kuangalia!"

Nikafungua pg_stat_activity, kile kioo cha PostgreSQL, programu inayoendesha databesi yetu, kinachoonyesha nani anaiuliza nini saa hizi. Nilitegemea kukuta maswali ya mizani. Nikakuta swali moja limejipanga ukurasa mzima: jumla ya tani zote, tangu mwanzo. Kila skrini ilikuwa inauliza hilo kila baada ya sekunde mbili. Na PostgreSQL haina jumla iliyoandikwa pembeni. Ukiitaka, inapita rekodi moja moja mpaka iishe. Haijaisha, swali jingine hilo. Ikija mizani na uzito wake, inakuta prosesa imeshikwa yote, na miunganisho 100, kiwango inachokuja nacho PostgreSQL usipokigusa, imejaa watazamaji. Babu anaumwa, wajukuu wamemzunguka, kila mmoja anamtikisa: babu, umelala?

Kumbe mlinzi alikuwa sahihi. Mkono wa mtu ulikuwepo, umeshika rimoti.

"Mzee," nikamwambia bosi, "naomba tuzime televisheni. Na watu wafunge hizo simu."

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Tuzime? Sasa tutajuaje kama imepona?"

Bahati ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda kuswali. Nikang'oa waya, nikamfungia mtumiaji wa dashibodi, yaani akaunti inayoingilia kwenye databesi, nikakata maswali yake yote. Kule mizani printa ikaanza: trrr, trrr, trrr. Dereva akaamshwa, akashuka analaumu kwamba wamemkatiza.

Bosi kurudi, skrini nyeusi, honi kimya. Akashika kichwa. "Imekufa kabisa?"

"Imepona, mzee." Nikamwonyesha dirishani, malori yanatoka.

"Malori siyo data," akasema.

Jioni nikakaa nayo. Nikatengeneza jedwali dogo la majumuisho linalojazwa mara moja kwa dakika, dashibodi zote zisome hilo tu. Tarehe ya mizani ilikuwa haina indeksi, ile faharasa ya kutafutia haraka, nikaiwekea. EXPLAIN, amri inayoonyesha databesi itakavyotafuta jibu, ikathibitisha kwamba tani za leo hazitafutwi tena kwenye korosho za mwaka juzi. Mtumiaji wa dashibodi nikampa miunganisho miwili, hata grupu zima likivamia. Mstari ukalala chini, kijani.

Asubuhi bosi akaniita. "Hii picha imeganda."

"Haijaganda mzee, ndiyo uzima wenyewe."

"Kesho nina wageni kutoka makao makuu. Siwezi kuwaonyesha kitu kisichotikisika."

Nikamwekea pembeni saa kubwa, mshale wake wa sekunde unazunguka. Inasoma muda wa televisheni yenyewe, databesi haina habari nayo. Wageni walipofika walisimama mbele yake, mikono nyuma. Mmoja akauliza kama ule mshale ndio unaoonyesha kasi ya mfumo. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo huo," bosi akaniwahi. "Na hapo bado hatujauruhusu wote."