Barua ya mistari minne

Tarehe 15 Desemba, saa tano usiku, mwenzangu wa idara yetu ya fizikia hapa Tanzania alinipigia simu. Mfumo wa chuo kimoja cha Marekani ulikuwa unamgomea kupakia barua ya mapendekezo ya mwanafunzi wetu aliyehitimu mwaka huu, na dirisha la maombi ya uzamivu lilikuwa linafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za kwao, yaani muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi kwetu. Nikamwambia anitumie faili nijaribu kwa kompyuta yangu. Nikalifungua kuhakikisha si bovu. Nilichokisoma ndicho kinachoniandikisha leo.

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema mwombaji alisoma katika idara yetu kwa miaka mitatu, ana nidhamu, anawaheshimu wakubwa, hakukosa vipindi, na wakihitaji maelezo zaidi wasisite kutuandikia. Kwa kuwa ni ya Kiingereza, lugha inayotenganisha mwanamume na mwanamke, nikagundua jambo jingine. Mwombaji ni binti, lakini barua inamtaja kama mwanamume toka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa barua ya mtu mwingine, imebadilishwa jina tu.

Binti huyu namfahamu (nimegeuza mambo mawili matatu hapa ili asitambulike). Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa kupima ukinzani wa umeme wa utando mwembamba wa zinki oksaidi uliopakwa juu ya kioo. Vipimo vyake vilikuwa vinashuka kila jua linapopanda, jioni vinarudi juu. Wengi huchukua wastani, wakaandika ripoti, wakamaliza. Yeye alikuja ofisini kwangu na daftari la kaunta, ameandika joto la chumba kila nusu saa kwa siku kumi na moja. Maabara ile ina paa la bati, mchana ni tanuri, kwa hiyo alishuku joto. Kisha akaokota boksi tupu la karatasi za fotokopi, akalibandika karatasi nyeusi ndani na nje, akaifunika sampuli. Ule mporomoko wa mchana ukapungua sana.

"Dokta, sehemu kubwa si joto," aliniambia. "Ni jua la dirishani."

Alikuwa sahihi. Zinki oksaidi hupitisha umeme vizuri zaidi ikipigwa na miali ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua. Vitabuni limo, lakini darasani hatukuwa tumemfundisha. Alilifikia kwa boksi na daftari. Mtu wa namna hiyo ndiye kamati za uzamivu zinamtafuta usiku na mchana, na sisi tulikuwa tunakwenda kuwaambia kwamba anawaheshimu wakubwa.

Nilipoomba mimi, kila idara niliyoitaka ilikuwa inadai GRE ya fizikia, mtihani wa Kimarekani kwa wanaoomba masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza. Maswali 100 kwa dakika 170. Nilipanda basi kwenda kuufanyia Nairobi kwa fedha za kuchangiwa na wajomba. Mwaka 2019 wakatoka watafiti wa Marekani kwenye jarida la Science Advances wakionyesha kwamba alama za mtihani ule hazitabiri vizuri nani atamaliza uzamivu wa fizikia, halafu korona ikaja, na idara nyingi zikaacha kuudai. Nilifurahi, na bado nafurahi, maana mtihani ule ulikuwa unawakamua watoto wa maskini kabla hata hawajajibiwa. Lakini tuone kilichobaki mezani. Mjumbe wa kamati anashika faili la mwombaji kutoka chuo ambacho huenda hajawahi kukisikia. Mwombaji ameandika GPA (wastani wa alama) 4.5, na mjumbe amezoea ya mwisho kuwa 4, kwa hiyo lazima kwanza aelewe kwamba yetu huishia 5. Majina ya masomo yetu hayamwambii tulifundisha kwa kina gani. Zinabaki insha ya mwombaji mwenyewe na barua tatu za watu waliomwona akifanya kazi. Yule wa kule kwao ana walimu ambao mjumbe amekutana nao mikutanoni na vifaa vya mamilioni ya dola. Wa kwetu ana kalamu zetu.

Nilipompigia mwenzangu kumweleza, hakukasirika. Alinijibu kwa utulivu kwamba yeye hakulelewa kusifia vijana, kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimelitafakari jibu lake siku zote hizi, maana najua halikutoka kwenye uvivu. Wengi wetu ndivyo tulivyokuzwa. Hata huyo binti ukimwambia ajieleze atakuambia kidogo tu, kwani naye amefundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo mwalimu ananyamaza ili asimharibu kijana, kijana ananyamaza ili asionekane anajitembeza, na barua inaondoka bila mtu yeyote kusema alichokiona.

Lakini barua hii mgema haisomi! Inaandikwa kwa siri, inapakiwa na mwalimu mwenyewe, na karibu kila mwombaji hutia saini kuachia haki ya kuiona. Hakuna kichwa kitakachovimba. Anayeisoma ni mgeni aliye maili elfu nane, na mgeni huyo hajaomba sifa. Ameomba habari. Alifanya nini mtoto huyu siku kipimo kilipokataa? Aliuliza swali gani ambalo wenzake hawakuuliza? Ukiwalinganisha na uliowafundisha, yuko wapi? "Ana nidhamu" haijibu hata moja, na mbaya zaidi, kule inasomeka kama njia ya upole ya kusema hakuna cha kueleza.

Tuna mfano wetu nyumbani. Kila mtu hapa humtaja Erasto Mpemba, na ni haki yake. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa bado ya moto yameganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Huko huko akamwuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Darasa likacheka. Osborne naye hakuwa na jibu, lakini aliporudi alimwagiza fundi wa maabara alijaribu. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza, naye akisimulia kisa chake kwa maneno yake mwenyewe. Wanafizikia wanabishana hadi leo juu ya jambo lenyewe. Mimi ninachokiona kila nikisoma makala ile ni mtu mzima aliyekuwa na kazi zake nyingi, akasimama kwa ajili ya swali la mwanafunzi, akapima, kisha akaandika alichokiona.

Nakubali kazi ni nyingi. Nafundisha darasa la watu mia tatu, nasahihisha mwenyewe, na barua hizi hazilipwi hata senti. Mwanafunzi mmoja akiomba vyuo vinane, kila chuo kina mfumo wake na dodoso lake. Nakubali pia kwamba wapo wanaokuja siku mbili kabla ya mwisho, na huo ni utovu wa adabu. Lakini "andika mwenyewe nije nisaini" siikubali. Kijana wa miaka ishirini na tatu hawezi kujilinganisha na wanafunzi wa miaka kumi iliyopita ambao hakuwajua. Ni wewe uliyewafundisha.

Na sisemi haya nikiwa nimesimama juu ya mtu. Nilipoanza kazi niliandika barua ya namna hii hii kwa kijana mmoja mpole aliyefanya mradi wa fizikia ya mwanga. Mistari sita, dakika kumi. Hakupata nafasi popote. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu, lakini mwaka uliofuata nilipokuwa napanga kabati nikakutana na ripoti yake ya mradi, nikaisoma kwa makini kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye kiti.

Kwa wanaoomba, machache. Ada ya maombi ya dola 90 ni zaidi ya shilingi laki mbili za Tanzania, kwa hiyo andikieni idara kuomba msamaha wa ada kabla ya kukata tamaa, wapo wanaopewa. Vyuo vingi vya Marekani havidai uzamili kwanza. Msiisahau stashahada ya ICTP kule Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama sisi, wala tawi lake la Kigali lililofunguliwa 2018. Na mwalimu mpelekeeni daftari lenu la maabara pamoja na ombi, wiki sita kabla.

Usiku ule mwenzangu alikuja kwangu na kompyuta yake. Tulianza upya. Alikumbuka vitu ambavyo mimi sikuvijua. Kumbe binti yule mwaka wa pili alimsahihisha ubaoni kwenye alama ya kutoa, akaja baadaye ofisini kuomba radhi, naye mwenzangu alikuwa amekihifadhi kisa hicho moyoni miaka yote bila kumwambia mtu. Kiliingia kwenye barua. Tulimpigia fundi wa maabara kumwuliza habari za boksi, tukamwamsha, akasema bado liko juu ya kabati na wanafunzi wa mwaka huu wanalitumia. Hilo nalo likaingia. Kurasa mbili. Mfumo uliipokea saa kumi na dakika ishirini alfajiri.

Vyuo viwili vingine vinafunga mapema Januari. Leo jioni tunakaa tena.